Nyimbo za Watu Wasiofika

Tangu Juni 2025, jina la mwimbaji wa Marekani Jimmy Buffett limekuwa likionekana zaidi katika habari za mahakama kuliko katika habari za muziki. Mjane wake na mshauri wa fedha aliyemtumikia msanii huyo kwa miaka mingi, ambao marehemu aliwaacha wawe wadhamini wa pamoja, walifunguliana mashauri, moja Los Angeles na jingine Florida, kila mmoja akitaka mwenzake aondolewe katika usimamizi wa amana ya mali aliyoiacha, inayotajwa kuwa na thamani ya takriban dola milioni 275. Nani ana haki katika shauri hilo ni kazi ya mahakimu. Kinachonishughulisha ni hitimisho ambalo limekuwa likichotwa kutoka katika habari hizo na kurudiwarudiwa: kwamba sasa, pazia likiwa limefunuliwa, tumemwona Buffett halisi, yaani mfanyabiashara wa hoteli, mikahawa na vileo, na kwamba nyimbo zake hazikuwa chochote zaidi ya tangazo refu la bidhaa hizo. Kielelezo kinachotolewa kwa kawaida ni albamu yake ya mkusanyiko ya 1985, Songs You Know by Heart, ambayo imeuzwa zaidi ya nakala milioni 7 nchini Marekani na ambayo huchezwa bila kukoma katika kila baa yenye picha ya kasuku ukutani.

Nashikilia kwamba albamu hiyo, mtu akiisikiliza wimbo kwa wimbo badala ya kuiacha ivume nyuma ya mazungumzo, ndiyo ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya hitimisho hilo. Ina nyimbo 13, na karibu kumi kati ya hizo zinahusu mtu ambaye hayupo mahali anapotaka kuwa, au aliyefika mahali hapo baada ya wakati wake kupita. Biashara iliyokuja baadaye inauza kufika: kiti kimewekwa, jua limewaka, glasi imejazwa. Nyimbo zenyewe zinaimba kutofika. Ni mambo mawili yanayokinzana, na inashangaza kwamba mtu yule yule aliyatengeneza yote mawili.

Inafaa kukumbuka mkusanyiko huu ulitokana na hali gani. Buffett alizaliwa Pascagoula, Mississippi, siku ya Krismasi ya 1946, akakulia Mobile, Alabama, na baada ya chuo kikuu akaenda Nashville kutafuta riziki ya utunzi, huku akiandikia jarida la Billboard. Albamu yake ya kwanza, ya 1970, haikununuliwa na watu wa kutajika. Mwaka 1971 mwimbaji mwenzake Jerry Jeff Walker alimpeleka Key West, Florida, mji uliokuwa bado wa wavuvi, mabaharia na magendo ya bangi, na hapo ndipo alipopata wahusika wake. Albamu zilizofuata zilitolewa na kampuni ya ABC, ambayo MCA iliimeza mwaka 1979. Kati ya 1973 na mwaka huo alikuwa na wimbo mmoja tu ulioingia kumi bora ya Marekani, Margaritaville, ulioshika nafasi ya 8 mwaka 1977. Nyingine zilizopata kutambuliwa na chati ziliishia chini zaidi: Come Monday nafasi ya 30, Cheeseburger in Paradise nafasi ya 32. Ndiyo maana MCA ilipotoa mkusanyiko, kichwa chake kidogo, Jimmy Buffett's Greatest Hit(s), kilifungia herufi ya wingi ndani ya mabano, utani wa wazi kwamba mwenye vibao bora alikuwa na kibao kimoja. Ni nadra kampuni ya kurekodi kuuza bidhaa kwa kukiri upungufu wake kwenye jalada.

Kuna jambo jingine kuhusu orodha hiyo ambalo halisemwi vya kutosha. Nyimbo zote 13 zinatoka katika albamu sita za kati ya 1973 na 1979. Mkusanyiko ulipotoka, mwezi Oktoba 1985, wimbo wake mchanga kuliko wote ulikuwa umekwisha kutimiza miaka sita, na Buffett alikuwa ametoa albamu nyingine tano tangu 1981. Hata moja haikuchangia wimbo. Kampuni ilikuwa imeamua kwamba msanii huyu, akiwa na miaka 38, ana kipindi kimoja kinachouzika, na kwamba kipindi hicho kimekwisha.

Sasa tuziangalie nyimbo zenyewe. Cheeseburger in Paradise, unaofungua albamu, ni wimbo wa mtu anayejinyima nyama kwa ajili ya afya, na usiku anaiota. Pepo iliyomo katika jina la wimbo ni ya ndotoni. Boat Drinks, ambao jina lake lingeweza kuchapishwa kwenye orodha ya vinywaji bila kubadilishwa, unasemwa na mtu aliyekwama kwenye baridi ya kaskazini anayetamani kukimbilia kwenye joto. Come Monday ni barua ya mwanamume aliye mbali na mpenzi wake, anayehesabu siku. Pencil Thin Mustache unatamani ujana uliotazamwa kwenye sinema na televisheni za miaka ya 1950. Fins unamfuata mwanamke aliyetoka Cincinnati kwenda pwani kutafuta nafasi ya kupumua, akajikuta amezungukwa baa nzima na wanaume wanaomvizia kama papa. Volcano, unaofunga, unasemwa na mtu asiyejua aende wapi mlima utakapolipuka, na anachoweza kufanya ni kutaja sehemu ambazo hataki kuangukia, mojawapo ikiwa Three Mile Island, ambako kinu cha nyuklia kilikuwa kimepata ajali Machi ya mwaka ule ule wa 1979. Haya si maelezo niliyoyachimba kwenye vina vya siri. Yamo katika maneno ambayo umati wa uwanja mzima huyaimba kwa sauti huku ukiinua glasi.

Nyimbo mbili zinahitaji kukaliwa zaidi. He Went to Paris, wa 1973, ulitokana na kukutana kwa Buffett, huko Chicago, na Eddie Balchowsky, mpiga piano aliyepoteza mkono katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Mhusika wa wimbo anaondoka kijana kwenda Ulaya kutafuta majibu ya maswali yanayomsumbua, anapata mke na mtoto, vita vinamnyang'anya alichokipata, na mwishoni tunamkuta mzee visiwani, akivua samaki na kunywa. Kisiwa kimo, bahari imo, pombe imo. Lakini ni mahali pa kumalizia maisha yaliyovunjika, na mtunzi hatupi hata ubeti mmoja wa kujidanganya kwamba ni vinginevyo. A Pirate Looks at Forty, wa 1974, ulitungwa kutokana na Phil Clark, mtu wa magendo na wa mabaa ya Key West. Mhusika wake anajiona haramia aliyezaliwa baada ya enzi ya maharamia kupita. Hela zilikuja zikaondoka, miaka nayo, na hakuna kazi iliyobaki inayolingana na alivyojidhania kuwa. Buffett aliuandika akiwa na miaka isiyozidi 27. Albamu ya mkusanyiko ilipotoka yeye mwenyewe alikuwa anaikaribia arobaini, na ukiusikia wimbo huo katikati ya mkusanyiko wa 1985 unapata uzito ambao mwaka 1974 haungeweza kuwa nao. Bob Dylan na Joan Baez waliuimba pamoja kwenye mkutano wa amani wa Rose Bowl, California, Juni 1982. Hawakuwa wakitangaza mkahawa.

Kisha upo Margaritaville, ambao kwa wengi ndio albamu nzima. Juu juu ni wimbo wa mtu aliyekaa ufukweni na kileo cha tekila na ndimu. Ukiufuatilia, ni mtu aliyeachwa na mwanamke, anayepoteza msimu mzima bila kujua umepitaje, aliyejikata mguu, na ambaye hata chumvi ya kinywaji chake haioni ilipo. Ufundi wake mkubwa uko katika kiitikio, ambacho kinarudi mara tatu kikibadilika kidogo: mara ya kwanza msemaji anakana kwamba kuna mtu wa kulaumiwa, mara ya pili anaanza kushuku nafsi yake, mara ya tatu anakiri kwamba kosa ni lake. Katika dakika nne mlevi amefikia ukweli ambao watu wazima wengi hawaufikii, na sauti ya gitaa haikupanda hata kidogo kumshangilia. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza rekodi hiyo katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa mwaka 2023, miezi michache kabla ya Buffett kufariki tarehe 1 Septemba kwa saratani ya ngozi. Nadhani waliochagua walikuwa wameusikiliza kiitikio cha tatu.

Hoja ya upande wa pili si dhaifu, na nisingependa kuipita kwa haraka. Mwaka 1985, ule ule wa albamu, Buffett alifungua duka la Margaritaville huko Key West, na miaka miwili baadaye mkahawa. Mwaka huo huo wa 1985, kwenye onyesho karibu na Cincinnati, mpiga besi wake Timothy B. Schmit aliwabatiza mashabiki waliovaa mashati ya maua na kofia za kasuku jina la Parrotheads. Kwa hiyo orodha ya nyimbo, duka na kundi la wateja vilizaliwa ndani ya miezi kumi na miwili. Tangu hapo zikafuata hoteli, kasino, vileo vya chupa, na hata mitaa ya nyumba za wastaafu wenye miaka 55 na kuendelea, ya kwanza ikiwa Daytona Beach, Florida. Mwaka 2023 jarida la Forbes lilimhesabu miongoni mwa mabilionea. Anayesema kwamba mkusanyiko ule ulikuwa katalogi ya biashara ana tarehe upande wake, na mimi namkubalia hivi: bila albamu moja fupi ambayo kila mteja aliweza kuikariri, himaya ile isingekuwa na wimbo wa taifa. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba kwa kuwa nyimbo zilitumika kuuza, basi zilitungwa ziuze. Zilitungwa kati ya 1973 na 1979, na mtu ambaye hakuwa na cha kuuza isipokuwa tiketi na santuri. Anayetaka kutangaza ufukwe hamweki hapo mzee aliyeondokewa na mke na mtoto, wala mlevi anayekiri kwamba alijiharibia mwenyewe.

Lawama iliyo nzito zaidi kwangu ni ya aina nyingine, nayo ni kwamba visiwa vya Buffett havina wenyeji. Wapo watalii, mabaharia, wahudumu wa baa wasio na majina. Wenye nchi hawazungumzi. Msomaji wa pwani yetu anaujua uzito wa jambo hili, kwa kuwa amekulia karibu na hoteli ambazo ndani yake pwani ni mandhari ya wageni. Hata hivyo Jambo Bwana wa Them Mushrooms, uliotoka 1982 na kusambaa duniani, ulitungwa na watu wa hapa wakimkaribisha mgeni kwa lugha yao. Mwenyeji ndiye anayesema. Katika mkusanyiko wa 1985 hakuna sauti kama hiyo. Volcano ulirekodiwa Montserrat, kisiwa cha Karibi, katika studio ya mtayarishaji muziki George Martin, na kichekesho chake kuhusu mlima kulipuka kilikuwa kichekesho cha mgeni mwenye tiketi ya kurudi. Mwaka 1995 mlima wa Soufrière Hills ulianza kulipuka kweli, mji mkuu Plymouth ukafukiwa, na zaidi ya nusu ya wakazi wa kisiwa wakahama. Buffett hapaswi kulaumiwa kwa jiolojia, lakini baada ya hapo swali la mtu asiyejua aende wapi lilikuwa na watu wake halisi, na hawakuwa wale wa kwenye wimbo. Naongeza, kwa haki, kwamba sehemu ya upofu huu ni ya mkusanyiko wala si ya mtunzi. One Particular Harbour, wa 1983, una kiitikio chenye maneno ya Kitahiti na ulipendwa mno jukwaani, lakini haukuingizwa. Jamaica Mistaica, kuhusu Januari 1996 ambapo polisi wa Jamaika waliifyatulia risasi ndege yake wakidhani ni ya magendo, ulikuja baadaye, na ndani yake kisiwa hatimaye kinamjibu mgeni, tena kwa bunduki.

Hoja nyepesi kuliko zote ndiyo inayopendwa sana: kwamba mtu mwenye kibao kimoja hana haki ya kuwa na mkusanyiko wa vibao bora, na kwamba mauzo yake yanathibitisha tu ulevi wa wanunuzi. Hoja hii inachukulia kwamba chati ya wiki ndiyo kipimo cha wimbo kupendwa. Chati hupima kasi, yaani ni wangapi walionunua au waliocheza kwa wakati mmoja. Haina namna ya kupima wimbo unaosafiri polepole, kutoka onyesho hadi onyesho, kutoka kwa kaka mkubwa hadi kwa mdogo, kwa miaka kumi bila kuonekana redioni. A Pirate Looks at Forty haukuwa kibao kwa maana hiyo, na hata hivyo ni mojawapo ya nyimbo zilizodaiwa katika kila onyesho. Albamu yenyewe ilikwenda kwa mwendo huo huo: haikutikisa chati ilipotoka, ikauzwa kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi, na ikaingia kumi bora ya Billboard 200 mwezi Septemba 2023, baada ya kifo chake. Kuhusu ulevi, ni kweli kwamba Why Don't We Get Drunk ni mzaha wa kihuni, na Buffett mwenyewe aliusajili kwa jina la bandia. Huo na Grapefruit—Juicy Fruit ni nyimbo ambazo ningeziacha nje bila majuto, na sidhani ninakosea.

Nani basi aliyezigeuza nyimbo za kutofika kuwa nembo ya kufika? Jibu la haraka ni kampuni ya kurekodi, na mfano wa jirani upo. Mwaka mmoja kabla, mwaka 1984, Island Records ilitoa Legend ya Bob Marley, miaka mitatu baada ya kifo chake, na wachaguzi waliegemea nyimbo za mapenzi na faraja; Zimbabwe, ambao aliuimba Harare (wakati huo Salisbury) usiku wa uhuru Aprili 1980, haukuwekwa. Mamilioni ya watu walimfahamu Marley mpole kupitia albamu hiyo, na wengi hawakwenda mbele zaidi. Lakini ulinganisho huu unaishia hapo, kwa sababu kwa Buffett uchaguzi wa nyimbo haukuwa wa uongo. He Went to Paris ni wimbo wa pili kwenye orodha, mahali ambapo hakuna anayeweza kuukosa. Waliochagua hawakuficha huzuni. Kilichofanya kazi ya kuficha ni muziki wenyewe, ule mdundo wa taratibu, ngoma za chuma na gitaa lisilo na haraka, pamoja na umati uliokuja na mashati yake ya maua; na juu ya yote, mtunzi ambaye aligundua kwamba wasikilizaji wamemwelewa kinyume, akaona kinyume hicho kinalipa, akakijengea mkahawa. Ushirika huo ni wake, na watetezi wake wanaoitupia MCA mzigo wote hawamtendei wema. Dylan, alipoulizwa mwaka 2009 kuhusu watunzi anaowapenda, alimtaja Buffett na nyimbo mbili: He Went to Paris na Death of an Unpopular Poet. Zote ni za albamu moja ya 1973. Ya kwanza ilipata nafasi katika mkusanyiko na inajulikana na mamilioni. Ya pili, kuhusu mshairi asiyesomwa mpaka baada ya kufa, iliachwa, na nje ya kundi la mashabiki haina anayeijua.

Yapo majaribio ya kusahihisha. Mwaka 1992 ulitoka mkusanyiko wa santuri nne, Boats, Beaches, Bars & Ballads, wenye nafasi ya kutosha kwa kipindi cha baada ya 1979, lakini kwa kuzigawa nyimbo katika mafungu ya mashua, fukwe, mabaa na nyimbo za taratibu ulizipanga kama mkahawa unavyopanga vyakula. Jaribio lenye maana zaidi lilikuja Novemba 2020, katika mwaka wa janga la korona. Buffett, akiwa na miaka 73, alirekodi upya nyimbo zake zisizosikika, nyingi zikiwa zimependekezwa na mashabiki na kuchaguliwa kwa msaada wa binti yake, akazitoa kupitia Mailboat, kampuni aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1999, na albamu akaipa jina lililogeuza lile la 1985: Songs You Don't Know by Heart. Death of an Unpopular Poet umo. Mwimbaji anayeamini kwamba nyimbo zake ni matangazo hana sababu ya kukaa na gitaa uzeeni kuzirekodi zile ambazo hazikuuza chochote.

Hili lina matokeo ya vitendo kwa wanaogombea sasa usimamizi wa amana, wawe ni nani mwisho wa shauri. Rekodi asilia za miaka ya 1970 ziko mikononi mwa warithi wa MCA, na zitaendelea kuchezwa bila msaada wa mtu yeyote, kwa kuwa kila hoteli ya Margaritaville inazihitaji. Za 2020 ni kazi ya kampuni ya Buffett mwenyewe, na hazina hoteli. Zikiachwa bila kuchapishwa upya, bila kuandikiwa maelezo, bila kupelekwa kwa waimbaji vijana wanaoweza kuzirudia, msikilizaji wa mwaka 2040 atampata Buffett wa orodha moja tu, ile iliyokoma mwaka 1979, na ataisikia ndani ya jengo lililojengwa kwa kutoisikiliza.